Kadi Ikiondoka, Laini Inabaki Wapi?

Maswali mengi niliyopokea mwezi huu yanahusu ile laini isiyo na kadi, ambayo kwenye simu yako utaiona imeandikwa eSIM. Mimi nitaiita laini ya kidijitali. Nimechagua matano.

Nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Pesa zangu zote za biashara ziko M-Pesa. Kadi ikitupwa, si pesa zinatupwa nayo?

Hapana, mama. Pesa zako hazijawahi kukaa kwenye kadi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hesabu hiyo hukaa kwenye mitambo ya kampuni, imefungwa na namba yako na kitambulisho chako. Kazi ya kadi ni kuuambia mtandao kwamba mwenye namba hii ni huyu. Kwa laini ya kidijitali, kazi ileile hufanywa na chipu ndogo iliyochomelewa ndani ya simu tangu kiwandani. Dukani unapewa msimbo wa QR, ile picha ya mraba yenye madoadoa meusi. Unauskani, simu inapakua laini yako kwa intaneti, na kadi ya zamani inakufa. Namba ni ileile, PIN ni ileile, na *334# ya kufungulia M-Pesa inafanya kazi.

Ila kuna kitu kinachoweza kupotea kweli: majina. Kama namba za wateja wako ulizihifadhi kwenye kadi, zihamishie kwenye simu au akaunti yako ya Google kabla ya kwenda dukani. Na kama una huduma ya benki kwenye simu, ujue kwamba baadhi ya benki hukufungia ukibadilisha laini, mpaka zijiridhishe kuwa ni wewe. Usihame asubuhi ya siku ya kulipia mzigo.

Niko Nakuru. Kuna iPhone 14 ya mtumba naitaka, bei yake ni nzuri, lakini sioni pa kuweka laini. Ni feki?

Si lazima iwe feki. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia 2022 hazina kitundu cha kadi kabisa, na nyingi za mtumba hutoka huko. Utaitumia na laini ya kidijitali tu, na Safaricom na Airtel wote wanayo.

Linalonitia wasiwasi kwako ni jambo jingine. Simu za Marekani mara nyingi huuzwa kwa mkopo wa kampuni ya simu ya kule, zikiwa zimefungwa zisikubali mtandao mwingine. Kabla hujatoa hata shilingi, fungua Settings, kisha General, kisha About, utafute palipoandikwa Carrier Lock. Pakisema "No SIM restrictions", iko huru. Pakisema kingine, mrudishie mwenyewe, hata akikuapia kwamba fundi ataifungua kesho.

Kwa wanaotumia simu za aina nyingine: bonyeza *#06#. Zaidi ya ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, ukiona namba ndefu ya tarakimu 32 iliyoandikwa EID, simu yako inaweza kubeba laini ya kidijitali. Simu nyingi za bei nafuu tunazouziwa mitaani bado haziwezi.

Kwani kadi ilikosa nini mpaka waitoe?

Ilikula nafasi. Kadi za kwanza zilitengenezwa Ujerumani 1991, kubwa kama kadi ya benki. Zikakatwa, zikakatwa tena, mpaka kufikia 2012 tukawa na hii ya milimita 12.3 kwa 8.8. Baada ya hapo hapakubaki cha kukata ila kuiondoa. Nafasi ya kitundu inaachiwa betri, na maji yanapoteza mlango mmoja wa kuingilia. Kampuni za mitandao nazo zinaokoa gharama ya kutengeneza na kusambaza vipande vya plastiki.

Mimi ni mvuvi wa omena, Mbita. Kadi yangu imeshaharibika mara mbili kwa maji. Nihamie?

Swali lako, ndugu yangu, ndilo nililolifikiria zaidi.

Ni kweli laini ya kidijitali haiingii kutu wala haianguki ziwani peke yake. Lakini simu ikianguka, laini inazama nayo. Leo simu ikikuzimikia unafanya nini? Unatoa kadi, unaiweka kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya jirani, na jioni hiyohiyo mnunuzi anakutumia pesa. Hicho ndicho kitu ambacho watu wa laini ya kidijitali hawana, na wanaoisifu hawakitaji, kwa sababu kwao duka la mtandao liko ng'ambo ya barabara.

Nilijifunza hili matangani, Vihiga, mwaka jana. Nilikuwa mweka hazina, michango yote inaingia kwa namba yangu, na namba hiyo nilikuwa nimeihamishia kidijitali wiki tatu kabla. Siku mbili kabla ya mazishi simu ikatumbukia kwenye karai la maji. Kabambe zilikuwepo tano pale nyumbani, na hakuna hata moja iliyoweza kunisaidia. Ilibidi nipande matatu hadi mjini na kitambulisho, nirudishiwe laini kwenye kadi ya kawaida, huku fundi wa jeneza akisubiri malipo na shangazi zangu wakiulizana pesa ziko wapi. Sijasahau nyuso zao.

Kwa hiyo wewe bakisha kwenye kadi namba inayopokea pesa za samaki. Simu iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kama simu yako inakubali, laini ya kidijitali iwe ile ya pili, ya bando na maongezi. Nawaambia vivyo hivyo waendesha boda wa Busia wenye namba ya Kenya na ya Uganda: simu inaweza kuhifadhi laini kadhaa za kidijitali, lakini kwa kawaida huwasha mbili tu kwa wakati mmoja. Na namba ya Uganda ikipotea, haitarudishwa na duka la upande huu wa mpaka.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Bungoma. Nimepigiwa simu, naambiwa laini yangu itazimwa nisipohamia ya kidijitali leo, nimtajie namba ya kitambulisho na msimbo alionitumia. Nimekata. Nimekosea?

Mwalimu, umefanya vyema kabisa. Huyo alikuwa anataka kuihamishia namba yako kwenye simu yake. Angeupata ule msimbo, laini yako ingezima mkononi mwako, na yeye ndiye angekuwa anapokea jumbe za benki yako.

Hakuna anayelazimishwa kuhama, na kadi yako itaendelea kufanya kazi. Safaricom wametangaza kwamba wao hupiga kwa namba 0722 000 000 pekee. Ukiwa mteja wao, bonyeza *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa na mtu yeyote kwa wakala, ila wewe mwenyewe ukifika kwenye duka lao. Kisha bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti. Ile ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 333, bila malipo.

Na kama aliyekupigia alikutaja kwa jina lako kamili, waambie leo walimu wenzako mliostaafu pamoja. Huenda orodha anayo.