Kilichodumu ni alichokitoa akiwa hai

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: tajiri akitaka mali yake isaidie elimu, ni mchango gani hasa unaodumu? Najua wengi watataja madarasa, madawati na kulipia watoto karo, na yote hayo ni mema. Mimi jibu langu limo Darbhanga, mji wa kaskazini mwa Bihar, India, si mbali na mpaka wa Nepal. Kazi yangu ni ukutubi, na katika habari zote za matajiri na vitabu nilizowahi kusoma, hakuna iliyonishika kama ya ukoo uliotawala ardhi ya huko. Mchango wa elimu hudumu pale mtoaji anapokubali kuachia. Aachie mali, kisha aachie na amri juu ya mali hiyo. Hilo la pili ndilo gumu.

Eneo hilo kwa jina lake la kale ni Mithila, na sifa yake ya elimu ilitangulia utajiri wa ukoo huo. Hapo ndipo mwanafalsafa Gangesha aliandika Tattvachintamani, kitabu kilichoanzisha njia mpya ya mantiki, na kwa vizazi vingi vijana walitoka Bengal kwenda huko kukisoma. Mapokeo yanaeleza kwamba katika karne ya 16, enzi za mfalme Akbar, mwanachuoni Mahesh Thakur alipata mamlaka juu ya Mithila kupitia mwanafunzi wake, Raghunandan. Kijana huyo aliwashinda wasomi katika mdahalo, akazawadiwa nchi, naye akaikabidhi kwa mwalimu wake kama ada ya kufundishwa. Iwe historia tupu au imetiwa chumvi, wazao wa Mahesh Thakur waliishi nayo. Walijihesabu kuwa ni watu waliopewa ardhi na Kisanskriti, lugha ya kale ya wasomi wa Kihindu, na kwamba Kisanskriti kinawadai.

Elimu yenyewe ilikuwa na ugumu wake. Miongoni mwa mitihani ya Mithila ulikuwapo uitwao Shalaka Pariksha. Wakati huo vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya majani makavu ya mvumo, yakapangwa bunda na kufungwa kamba. Mtahini alichukua sindano ndefu, akaichoma ndani ya bunda. Jani la mwisho kutobolewa ndilo alilotakiwa mwanafunzi kulieleza hapo hapo, bila kujua mapema ni sehemu gani ya kitabu itakayomwangukia. Mtu wa kuupita mtihani wa namna hiyo hakubabaisha, alikibeba kitabu chote kifuani.

Sasa jiulizeni, msomi wa aina hiyo anakula nini? Mwanafunzi aliishi kwa mwalimu miaka kadhaa, na kwa desturi hakutozwa ada. Mwalimu ndiye aliyemlaza na kumlisha. Kwa hiyo ilibidi awepo mtu wa kumlisha mwalimu, na mtu huyo alikuwa mwenye ardhi. Alimpa kipande cha shamba kisicholipiwa kodi, au nguo na fedha wakati wa sherehe. Watawala wa Darbhanga waliendesha hata mtihani wao, Dhaut Pariksha, ambapo wanazuoni walisailiwa na wanazuoni wenzao, na waliofaulu wakatunukiwa dhoti. Kitambaa cha kujifunga kiunoni hakikuwa na thamani kubwa sokoni, lakini kwa msomi wa kijijini kilikuwa ushahidi kwamba amepimwa na wanaojua. Hapa nawapa watawala hao haki yao: fedha ilitoka kwao, ila neno la nani amefaulu waliwaachia wasomi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ganganath Jha, na msinilaumu nikiurefusha, maana alikuwa mkutubi. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 katika familia ya Kibrahmani ya Mithila, akasoma shule za Kiingereza na kwa walimu wa jadi vilevile. Katika miaka ya 1890 aliajiriwa kutunza maktaba ya maharaja wa Darbhanga. Mshahara ulikuwepo, vitabu vilikuwepo, na juu ya yote alipata muda. Akasoma, akatafsiri, akaandika. Mwaka 1902 aliondoka kwenda kufundisha Allahabad, baadaye akawa mkuu wa Chuo cha Kisanskriti cha Benares, na kuanzia 1923 hadi 1932 alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Allahabad. Maandiko mazito ya Mimamsa, falsafa ya kufafanua maandiko matakatifu ya Veda, yale ya wanazuoni wa kale Shabara na Kumarila ambayo wasomi wengi waliyaogopa, aliyatafsiri kwa Kiingereza, yakasomwa mbali sana na Bihar. Anayetaka kujua kazi ya tajiri katika elimu na atazame hapo: kumwezesha mtu mmoja mwenye akili akae na vitabu bila kuhangaikia unga wa kesho.

Lakini unga huo ulilimwa na nani? Siwezi kuisimulia habari hii kwa kumsifu mtoaji peke yake. Mwaka 1793 Waingereza waliweka utaratibu uliowafanya wakusanya kodi wakubwa, yaani mazamindari, kuwa wamiliki wa ardhi. Walichotakiwa kuipa serikali kilipangwa mara moja kwa daima. Chochote walichokusanya zaidi ya hapo kilikuwa chao. Milki ya Darbhanga ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6,000, yenye vijiji zaidi ya 4,000, na ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini India. Kila rupia iliyonunua kitabu ilipitia mikononi mwa mkulima wa mpunga. Mwaka 1929 wakulima wa Bihar waliunda chama chao, Kisan Sabha, chini ya Swami Sahajanand Saraswati, kupinga kodi na unyang'anyi wa wenye ardhi. Hawakuwa wakichochewa tu. Walikuwa wamechoka.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi ya kodi. Mlango wa elimu ile ulikuwa mwembamba mno. Waliokaa mbele ya mwalimu wa Kisanskriti Mithila walikuwa, karibu wote, wanaume wa tabaka la Wabrahmani. Mkulima wa tabaka la chini alilipia darasa ambalo mwanawe hakuruhusiwa kuingia, na mkewe na binti zake vivyo hivyo. Nikisikia mtu anazungumzia ukarimu wa maharaja bila kulitaja hilo, naona amesoma nusu ya daftari.

Ndiyo maana naitazama kwa makini hatua ya kuachia. Ya kwanza kubwa ilikuwa ya maharaja Rameshwar Singh wa Darbhanga. Alikuwa na mpango wake wa chuo kikuu cha Kihindu, lakini mwaka 1911 alikubali kuuunganisha na ule wa mwanasiasa Madan Mohan Malaviya, akaahidi rupia laki 5, akazunguka akichangisha pamoja naye. Jiwe la msingi la Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras liliwekwa Februari 1916. Mtu wa hadhi yake angeweza kushikilia cha kwake ili kibebe jina lake. Hakufanya hivyo, na India ikapata chuo kimoja chenye nguvu.

Mwanawe, Kameshwar Singh, aliyerithi mwaka 1929, ndiye anayenifikirisha zaidi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuachia kirahisi. Baada ya uhuru Bihar ilipitisha sheria ya mwaka 1950 ya kufuta umiliki wa mazamindari. Akaenda mahakamani. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ya Patna ikaitangaza sheria hiyo batili, na mwaka huo huo Bunge likaibadilisha Katiba ya India kwa mara ya kwanza, sababu mojawapo ikiwa kuzilinda sheria za aina hiyo. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ikairuhusu sehemu kubwa ya sheria ya Bihar isimame. Milki ikaondoka. Pamoja nayo ikaondoka kodi iliyokuwa ikiwalisha wanazuoni, na hapo ndipo udhaifu wa ufadhili wa kale ulipojionyesha wazi: ulitegemea mkono wa mtu mmoja, na mkono ukiishiwa, darasa hufungwa.

Kameshwar Singh alikuwa ameanza kuliona hilo. Mnamo 1951 alitoa ardhi kwa taasisi ya utafiti wa Kisanskriti mjini Darbhanga. Kisha mwaka 1960 akatoa jumba la Lakshmivilas, lililojengwa na baba yake mkubwa Lakshmeshwar Singh, liwe chuo kikuu cha Kisanskriti. Akatoa na vitabu, zikiwemo hati za mkono. Januari 26, 1961, chuo kikazaliwa, kikiwa chini ya serikali ya Bihar na si chini ya ukoo.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha jibu langu. Chuo kilipokuwa cha umma, kiliingia chini ya Ibara ya 29 ya Katiba, inayokataza taasisi inayoendeshwa au kusaidiwa na serikali kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya dini au tabaka. Maharaja angeendelea kuwalisha wanazuoni nyumbani kwake, hakuna sheria ingemlazimisha kumkaribisha mtoto wa yule mkulima. Sidai kwamba siku iliyofuata madarasa yalijaa watoto wa wakulima. Desturi haifi kwa siku moja. Nadai tu kwamba haki ya kugonga mlango ilipatikana siku mwenye nyumba alipoacha kuwa mwenye nyumba.

Alifariki Oktoba 1, 1962, hana mtoto. Mali aliyoiacha kwa wosia iligombaniwa mahakamani miaka na miaka, hata baadhi ya majengo ya ukoo yakachakaa watu wakiwa bado wanashindana. Jumba la Lakshmivilas lilikuwa limeshatoka mikononi mwake. Humo hadi leo ndimo yanamoendeshwa masomo ya Shastri, yaani shahada ya kwanza, na Acharya, yaani ya uzamili, na kalenda ambayo chuo huitoa kila mwaka, panchang, ndiyo familia nyingi za Mithila hufungua kabla ya kupanga tarehe ya harusi, za Wabrahmani na zisizo za Wabrahmani.