Vyambo vya manyoya vya kuvulia sangara: vinapatikana wapi, na uagizeje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina boti ndogo mbili hapa Mwanza, natembeza wageni wanaovua kwa fimbo Ghuba ya Speke. Siku hizi baadhi yao wanakuja na zile fimbo nyepesi za kurusha vyambo vya manyoya vilivyofungwa kwa mkono. Sangara akishakamata mara mbili tatu, chambo kinabaki ndoana tupu, na mgeni ananiuliza kama ninavyo vingine. Kwa Kiingereza sangara ni "Nile perch", basi nilitafuta mtandaoni vya "perch", nikaagiza kifurushi Uingereza, vikaja vidogo mno, havifai. Vya sangara hasa vinapatikana wapi? Na je, kijana wangu wa botini anaweza kujifunza kuvifunga? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kifurushi chako hakina kasoro, ila kilifungwa kwa ajili ya samaki mwingine. Huyo perch wa Ulaya ni samaki mdogo mwenye mistari ubavuni. Mvuvi akipata wa kilo 2 anapiga picha na kuwasimulia majirani, na hata yule aliyeweka rekodi ya Uingereza hakufika kilo 3. Anavuliwa kwa ndoana namba 6 au 8. Sangara ni ukoo mwingine kabisa, na rekodi yake ya dunia kwa fimbo ni kilo 104 na ushei, Ziwa Nasser nchini Misri, mwaka 2000. Ndugu yake wa karibu ni barramundi wa Australia, ambaye wenzetu wa huko wamemvua kwa vyambo vya manyoya miaka mingi. Basi ukiingia tena mtandaoni, tafuta vya barramundi. Mdomo mpana, windo la ukubwa ule ule, ndoana nene: vyote vinaingiliana na vyako. Vya striped bass, wa pwani ya mashariki ya Marekani, navyo vinafaa.

Lakini kabla hujalipia posta ya Australia, tazama jirani. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, alileta mayai ya trauti, samaki wa mito ya milimani, kutoka Loch Leven, Scotland, yakapandikizwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Trauti wakazaliana, wavuvi wakataka vyambo, na Wakenya wakajifunza kuvifunga. Kazi hiyo baadaye ikawa ya kuuza nje, na hadi leo zipo karakana Kenya, nyingi zikiwa na mafundi wa kike, zinazofunga vyambo kwa dazeni na kuvipeleka Ulaya. Maduka mengi ya Uingereza yanauza vilivyofungwa Kenya. Sitashangaa kama hicho kifurushi chako kilitoka Kenya, kikapanda ndege hadi Uingereza, kisha ukakilipia nauli ya kurudi Ziwa Victoria.

Kwa hiyo mkono wa fundi uko karibu, na mzigo unaweza kuja kwa basi la Nairobi hadi Mwanza kupitia Sirari. Omba risiti inayoonesha kwamba bidhaa imetengenezwa Kenya, maana mpakani wataulizia asili yake. Shida iko kwingine: karakana hizi kazi yake kubwa ni vyambo vya trauti, vidogo vya kukaa juu ya ukucha. Ukipiga simu ukasema tu "nataka vya sangara", utafungiwa cha trauti kilichonenepeshwa. Fundi wa dazeni anafunga anachoelekezwa, hivyo mpe maelekezo kamili, na ikiwezekana mtumie sampuli.

Anza na ndoana, ndiyo inayoamua kila kitu. Agiza namba 3/0 au 4/0. Namba hizi huwachanganya watu: kutoka 10 kwenda 1, namba ikipungua ndoana inakua; ikishapita 1 inageuka 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoana inapanda nayo. Usimpe fundi namba za zile ndoana wanazouza soko la samaki la Mwaloni kwa ajili ya kamba ndefu, zinahesabiwa kivingine na mtapishana. Taka ndoana ya maji chumvi, ingawa ziwa letu ni la maji baridi. Si kwa ajili ya kutu, ni kwa ajili ya unene wa waya. Ndoana ya trauti, hata iwe kubwa, sangara wa kilo 15 anainyoosha. Shina, ile sehemu iliyonyooka ya ndoana, liwe fupi, na uwazi kati ya shina na ncha uwe mpana, kwa sababu manyoya yakishajaa hapo katikati ncha haishiki mdomo. Kama una mashaka, nunua ndoana mwenyewe umpelekee fundi afunge juu yake. Wengi wanakubali, nawe unakuwa na uhakika na kitu chenye thamani kubwa zaidi kwenye chambo.

Urefu. Sangara mchanga anakula uduvi wa ziwani. Akikua anahamia kwenye dagaa, furu, hata watoto wa sangara wenzake. Dagaa wetu ana sentimita 5 au 6 hivi. Ukimwiga kwa kipimo hicho chambo chako kinapotelea katikati ya dagaa wa kweli, na ndoana ya 4/0 haifichiki humo hata hivyo. Mimi naagiza sentimita 10 hadi 14, ukubwa wa furu aliyeshiba, na boti zenye wageni hodari wa kurusha naziongezea vichache vya 18.

Kuhusu umbo, mitindo miwili inakutosha, na mafundi wanaijua kwa majina yake. Wa kwanza ni Clouser Minnow, alioubuni Bob Clouser wa Pennsylvania katika miaka ya 1980. Una macho mazito ya chuma yaliyofungwa kwenye shina, upande wa juu, na uzito huo unakipindua chambo majini hadi ncha ya ndoana itazame juu. Kwa mawe ya Speke hilo ni jambo kubwa: unazamisha hadi karibu na mwamba bila kukwama kila mara. Wa pili ni Lefty's Deceiver wa Mmarekani Lefty Kreh. Huu hauna uzito. Manyoya marefu ya jogoo yanafungwa nyuma kabisa, pale ndoana inapoanza kupinda, ili yasijizungushe kwenye ndoana wakati wa kurusha, kisha singa, yaani nywele ndefu za mkia wa mnyama, zinazunguka kichwa. Huo ni wa asubuhi na jioni, sangara anapopanda kufuata dagaa. Ukiagiza dazeni tatu, mbili ziwe Clouser. Rangi nisikuchoshe nazo: mgongo wa kijani na tumbo jeupe kwa mchana, nyeusi yenye zambarau kidogo kwa mwanga hafifu. Mengine ni mapenzi ya mvuvi.

Sasa kile ulichokiuliza hasa, ndoana kubaki tupu. Sangara hana meno ya kukata kama ya papa; kinywa chake kina vimeno vidogo vingi, vikali kama msasa. Manyoya yenyewe hayakatwi sana. Kinachosagika ni uzi wa kichwani, na uzi ukikatika mzunguko mmoja tu, kila kitu kinafumuka. Ndiyo maana kwenye oda yako lazima uandike mambo mawili: uzi wa denia 140 au 210 (denia ni kipimo cha unene wa uzi), siyo ule wa 70 wa trauti, na kila fungu la singa litiwe tone la gundi kwenye shina kabla la pili halijafuata. Mwisho kichwa chote, pamoja na macho, kifunikwe kwa epoksi au ile gundi inayokauka kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Fundi mvivu atapaka rangi ya kucha juu juu, nayo inapendeza siku ya kwanza.

Mzigo ukifika usitazame rangi. Chukua kimoja katika kila dazeni, kibane ndoana yake kwa koleo, shika macho kwa vidole viwili ujaribu kuyazungusha. Yakicheza hata kidogo, rudisha. Vuta singa kwa nguvu kama unayetaka kuzing'oa. Mbili tatu kutoka ni kawaida, fungu zima likisogea siyo. Gusisha ncha ya ndoana kwenye ukucha wa dole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwaruza na kushika ni nzuri. Kisha kiloweshe kwenye ndoo na kukivuta polepole. Chambo cha mtindo wa Clouser kikiogelea ubavu, macho yamefungwa mshazari, na hakuna mvuvi atakayelirekebisha hilo botini.

Tahadhari moja ya malighafi. Singa nzuri za kigeni hutoka kwa kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe, na zinauzwa kihalali madukani. Mtu akikuletea nywele au manyoya ya mnyamapori wa hapa kwetu, mkatalie. Hutaki kueleza mbele ya maofisa wa wanyamapori ulivipata wapi. Singa za mkia wa mbuzi zinafanya kazi ile ile, na manyoya ya shingoni mwa jogoo unayapata sokoni.

Kabla sijafika kwa kijana wako, niseme kidogo juu ya wageni. Waambie waje na fimbo ya daraja la 9 au 10; daraja likipanda, fimbo inabeba chambo kizito zaidi. Fimbo ya 6 haiwezi kurusha chambo chenye macho ya chuma, kitawapiga kisogoni. Kipande cha mwisho cha mshipi, kile kinachogusa mdomo wa samaki, kiwe cha ratili 60 hadi 80, kwa sababu ya hayo hayo meno ya msasa. Tena sangara anahitaji oksijeni nyingi. Ukimchosha nusu saa kwa mshipi mwembamba, hata ukimwachia atapinduka tumbo juu. Kama mnawaachia, bonyeza kile kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kurusha, na shika samaki mbali na mfuniko wa matamvua, una makali ya kuchana kiganja. Wanaotaka kubaki na samaki wajue kwamba sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Vibali vya uvuvi wa michezo ushughulikie mapema, na ukivuka kwenda Rubondo ujue uko ndani ya hifadhi ya taifa, yenye masharti yake.

Kijana wako anaweza, bila shaka. Anahitaji jiliwa dogo la kubana ndoana, mkasi mkali usiogusa kitu kingine chochote nyumbani, kishika uzi na gundi. Singa azipate saluni: zile rasta za plastiki za kusukia, nyeupe, nyeusi, hata za kijani kali, zinakaribiana sana na nyuzi za bandia zinazouzwa kwa bei ya juu kwenye maduka ya uvuvi. Azichane kwanza kwa kitana, maana zikiwa na mawimbi ya kusukwa zinajisokota majini. Macho aanze nayo ya cheni za shanga za chuma, zile za kuvutia swichi au kufungia funguo. Akate shanga mbili mbili.

Asianze na Deceiver, manyoya yatamkatisha tamaa. Aanze na Clouser: uzi uzungushwe shinani hadi nusu, macho yafungwe kwa misalaba robo ya shina kutoka kwenye tundu la kufungia mshipi, agundishe, asubiri ikauke. Afunge fungu jeupe jembamba mbele ya macho, alivutie nyuma na kulibana tena nyuma ya macho. Ageuze ndoana kichwa chini kwenye jiliwa, afunge fungu la kijani mbele ya macho tu na kuliacha lilale huru juu ya ncha. Amalizie kichwa, atie epoksi. Kosa la kila anayeanza ni kujaza singa. Fungu likibanwa kwa vidole liwe na unene wa njiti ya kiberiti, lisizidi. Chambo chembamba kinazama upesi, kinarushika mbali na kinatembea vizuri. Akifikia kufunga sita mfululizo vinavyolingana urefu na visivyochezacheza macho, mpe mgeni mmoja avijaribu, na hivyo ndivyo utakavyotuma Kenya kama sampuli ya oda yako.