Maswali Yenu ya Fedha: Nakutana na mwalimu mstaafu, nijiandaeje?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mshauri wa fedha, Mwanza. Jumatatu nakutana na mwalimu mstaafu aliyepokea mkupuo wake wa mafao kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Nataka kumshawishi anunue hatifungani za Serikali, yaani aikopeshe Serikali pesa zake kwa riba. Nijiandaeje asinikatalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda ukiwa tayari kukataliwa, maana hizo ni pesa za jasho la maisha yake yote.

Kabla ya Jumatatu, andika maswali yako: ana deni? Nyumba imekamilika? Nani anamtegemea? Akiugua kesho, atatoa wapi pesa ya haraka? Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha kama hatifungani inamfaa.

Kisha piga hesabu kwa kalamu, usitegemee vipeperushi. Tuseme ana shilingi milioni 20 na riba ni asilimia 12 kwa mwaka: atapokea milioni 1.2 kila miezi sita. Hapo katikati atakula nini? Pensheni yake ya mwezi inatosha? Na umri wake uuangalie. Mtu wa miaka 60 ukimuuzia hatifungani ya miaka 25, mtaji utarudi akiwa na 85! Mweleze waziwazi kwamba akitaka kuuza mapema, atauza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya siku hiyo, na huenda ikawa chini ya aliyonunulia.

Kamisheni yako mtajie mwenyewe, asisubiri kuuliza. Mwombe aje na mwenzi wake pia. Na fomu ya kusaini iache ofisini siku hiyo.