Kielekezi hakiishi zaidi ya kufuli yake
Umeuliza kwa nini moduli yako ya kerneli ya Linux huanguka mara chache tu, ilhali unashika mmap_lock (kufuli inayolinda orodha ya maeneo ya kumbukumbu ya mchakato) kabla ya kuita find_vma (kitendakazi kinachotafuta eneo la kumbukumbu na kurudisha kielekezi, yaani anwani ya rekodi ya eneo hilo). Tatizo ni kwamba unaiachia kufuli hiyo mara tu unapopata kielekezi, kisha unaendelea kukitumia. Katika mwanya huo, uzi (thread) mwingine wa mchakato uleule waweza kuita munmap, mwito wa kuondoa eneo la kumbukumbu, eneo likafutwa, nacho kielekezi kikabaki kikionyesha kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Shikilia mmap_lock kwa hali ya kusoma hadi umalize, au nakili thamani unazozihitaji kabla ya kuiachia, ingawa nakala hiyo nayo yaweza kupitwa na wakati papo hapo. Kuongeza kufuli yako binafsi, kama ulivyopendekeza, hakusaidii, kwa kuwa munmap haiijui. Unapojaribu, washa KASAN, zana ya kerneli inayogundua matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa.