Muulize Fundi: Laptopu bubu si laptopu iliyokufa

SWALI: Habari za kazi, mama fundi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari moja huku Morogoro. Nimenunua laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11. Ilikuja na Windows na sauti ilikuwa safi. Rafiki yangu akanipa flashi yenye Debian 11, mfumo wa Linux, nikaisakinisha mwenyewe. Kila kitu kinakwenda isipokuwa sauti. Nikifungua mipangilio ya sauti nakuta kitu kimoja tu, Dummy Output. Fundi mmoja hapa mjini amesema kadi ya sauti imeungua, nibadilishe bodi au nirudishe Windows. Nataka wanafunzi wasikilize matamshi na wao wenyewe wajirekodi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, usitoe hata shilingi. Umesema mwenyewe kwamba sauti ilikuwepo mpaka ulipobadilisha mfumo, na kadi haiungui kwa sababu ya kubadilishiwa mfumo. Inaniuma kila ninapoletewa mashine nzima iliyokwisha kuhukumiwa kifo na mtu ambaye hakuiuliza chochote. Wewe iulize, itakujibu.

Dummy Output maana yake ni kwamba programu ya sauti imetafuta kadi, haikuona hata moja, ikajiwekea njia ya uongo ili video na muziki visikwame. Kwa hiyo usihangaike kuongeza sauti, wala usifuate wanaokwambia ufute PulseAudio, yaani hiyo programu ya sauti, na kuisakinisha upya. Tatizo liko chini ya hapo. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

sudo dmesg | grep -i sof

Neno sudo huipa amri ruhusa ya msimamizi wa mashine. Kama inakukatalia, ingia kwanza kwa su - kisha uandike amri hiyo bila sudo. Itakuja mistari kadhaa, mingine haihusiki kwa kuwa ina neno software tu. Tafuta wenye maneno haya: failed to load intel/sof/sof-tgl.ri (-2). Herufi tgl ni Tiger Lake, jina ambalo Intel walizipa prosesa nyingi za laptopu za kizazi cha yako. Ile -2 ni namna ya kiini cha Linux kusema kwamba faili halipo. Basi. Laptopu imekutajia kinachokosekana kwa jina lake kamili.

Kwa nini halipo? Laptopu za zamani zilitumia sauti ya kawaida ya Intel, ile iliyoanza mwaka 2004, na Linux inaimudu bila msaada. Nyingi za miaka ya karibuni zina maikrofoni za kidijitali pembeni mwa kamera, nazo zinapitia kichakataji kidogo cha sauti kilichomo ndani ya prosesa. Kichakataji hicho hakifanyi kazi mpaka kipewe fimwea yake, yaani programu ndogo ya kukiendesha, kila mashine inapowaka, tena iliyotiwa sahihi ya Intel wenyewe. Debian 11 ya mwaka 2021 haikuweka fimwea za namna hiyo kwenye flashi yake rasmi ya kusakinishia. Debian 12, iliyotoka 2023, imeziweka. Ukipata flashi mpya, pengine hutakutana kabisa na shida hii.

Ukitaka kubaki na uliyo nayo, andika sudo nano /etc/apt/sources.list. Kwenye kila mstari unaoishia na main, ongeza contrib non-free. Ukiona mstari unaoanza na deb cdrom, uwekee alama ya # mbele yake, vinginevyo utaombwa diski usiyo nayo. Hifadhi, kisha:

sudo apt update
sudo apt install firmware-sof-signed

Kama shuleni hakuna intaneti, chomeka simu kwa waya wa chaji na uwashe USB tethering. Linux itaiona kama mtandao wa waya, huhitaji kusakinisha chochote zaidi. Ukimaliza, izime laptopu kabisa, halafu uiwashe.

Sasa andika alsamixer. Bonyeza F6, uchague kadi inayoitwa sof-hda-dsp. Utaona nguzo zilizopangwa: Master, Headphone, Speaker. Chini ya kila moja kuna kiboksi kidogo. Kikiwa na MM, nguzo hiyo imezibwa. Ifikie kwa mishale, bonyeza herufi M, nayo itageuka kuwa 00. Pandisha kwa mshale wa juu. Wengi huishia kwenye Master wakasahau Speaker. Toka kwa Esc, ujaribu speaker-test -c 2 -t wav. Sauti ya mwanamke itataja Front Left upande wa kushoto na Front Right upande wa kulia. Ikitosha, bonyeza Ctrl na C.

Utakutana pia na ushauri wa kuandika dsp_driver=1 ili kukiruka kile kichakataji. Spika zitalia kweli, lakini maikrofoni ya ndani itapotea, kwa sababu njia yake ndiyo hiyo uliyoikata. Kwa darasa la watoto wanaotakiwa kujirekodi, mimi nisingekubali.

SWALI: Nikiunganisha laptopu yangu yenye Ubuntu na projekta ya ukumbini, picha inatoka vizuri ila sauti inabaki kwenye laptopu. Niko Mombasa.

JIBU: Ndugu yangu, angalia waya kwanza. Ukiwa ni VGA, ule wa pini 15, haubebi sauti kabisa. Ukiwa ni HDMI, fungua mipangilio ya sauti waya ukiwa umechomekwa, na mahali pa kutokea sauti uchague HDMI. Kuna projekta zisizo na spika ndani. Hapo chukua waya wa tundu la hedifoni uupeleke kwenye amplifaya ya ukumbi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, natumia FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix. Spika ziko kimya ingawa kadi inaonekana.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuchagua njia yenye kusoma sana. Andika cat /dev/sndstat. FreeBSD huigawa kadi moja kuwa vifaa kadhaa, pcm0, pcm1 na kuendelea, na mbele ya kimoja utaona neno default. Mara nyingi hicho ndicho cha HDMI, na sauti yako inaelekea kwenye tundu lisilo na kitu. Kama spika zako ziko kwenye pcm1, andika ukiwa root, yaani msimamizi wa mashine:

sysctl hw.snd.default_unit=1

Funga programu uliyokuwa unasikilizia na uifungue upya, maana iliyokwisha kushika kifaa cha zamani huwa inaendelea nacho. Sauti ikitoka, weka hw.snd.default_unit=1 ndani ya /etc/sysctl.conf ili ibaki hata ukizima. Isipotoka, nitumie yote yaliyoandikwa na /dev/sndstat pamoja na aina ya laptopu yako, tuyasome toleo lijalo.