Kupima kipenyo cha ndani cha silinda ya ndege: ushauri kwa fundi kijana

Katika karakana za ndege ndogo nilizofanyia kazi, jambo ninalolisisitiza kwa mafundi wapya ni kwamba kipenyo cha ndani ni kigumu kupima kuliko cha nje, kwa sababu jicho halioni pale kifaa kinapogusa chuma.

Chukua injini ya Lycoming O-320, iliyofungwa katika Cessna 172 nyingi. Tundu la silinda yake ni inchi 5.125, yaani takriban milimita 130.18, lakini halina upana mmoja: sehemu ya juu huchongwa nyembamba kidogo, kwa kuwa joto la mwako huitanua zaidi injini ikifanya kazi. Aidha, msukumo wa pistoni hula ukuta upande mmoja kuliko mwingine, hata tundu likaelekea umbo la yai. Kwa hiyo mimi hupima katika vina kadhaa, na katika kila kina hupima mara mbili, kwa mielekeo inayokatana kwa pembe mraba.

Kalipa, yaani kipimio cha taya mbili, usiitumie kuamua hatima ya silinda. Geji ya teleskopu, ambayo hutanuliwa na kukazwa ndani ya tundu, kisha hutolewa na kupimwa kwa maikromita (kipimio cha skrubu cha usahihi mkubwa), inafaa kwa ukaguzi wa awali, ila inategemea sana wepesi wa mkono: rudia hadi upate jibu lile lile. Kwa uamuzi wa mwisho naiamini geji ya saa ya kupimia matundu, yenye uso wa mshale kama saa. Iyumbishe taratibu mbele na nyuma, uangalie mshale. Pale unaposita na kugeuka, kwenye kipimo kidogo kabisa, ndipo penye kipenyo halisi.

Joto nalo linastahili heshima kubwa, hasa kwetu sisi wa pwani. Vipimo rasmi hurejelea nyuzi 20 za Selsiasi. Alumini hutanuka takriban maradufu ya feleji ya kawaida, yaani chuma kigumu cha kutengenezea vifaa, hivyo tundu la milimita 100 katika alumini, likipimwa kwa kifaa cha feleji vyote vikiwa na nyuzi 30, litaonekana kubwa kwa takriban milimita 0.012. Acha kifaa na kipuri vilale chumba kimoja usiku kucha, na usiikumbatie geji kiganjani.

Isetie geji kwenye pete ya kipimo kinachojulikana kabla ya kazi, kisha uirudishe kwenye pete hiyo hiyo ukimaliza. Mshale usiporudi pale ulipokuwa, futa vipimo vyote ulivyoandika na uanze upya.