J/psi kupungua si plasma peke yake

Kuna wanaosema J/psi (chembe iliyoundwa na kwaki ya chamu na pingakwaki yake) zikipungua kwenye migongano ya viini vizito, basi plasma ya kwaki imetokea, yaani ile supu moto ya kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni, zikiwa zimeachana huru. Hapana, haimaanishi hivyo moja kwa moja. Hata kiini baridi, yaani kiini cha atomu cha kawaida kisichogeuka plasma, kinazipunguza, tena si kidogo, ndo maana pale CERN kwenye LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe, wanagonganisha protoni na kiini cha risasi (ile metali) ili kuupima upungufu huo, na J/psi zinazotoka upande ule protoni inakoelekea bado zinakuwa chache kuliko unavyotegemea ukipiga hesabu kutoka migongano ya protoni kwa protoni. Sababu moja kubwa ni gluoni, chembe zinazoshikanisha kwaki, ndani ya kiini kizito zile zenye momentamu ndogo zinapungua, kwa hiyo malighafi ya kutengeneza kwaki za chamu, zile zinazounda J/psi, inakuwa pungufu kabla hata kitu hakijayeyuka. Wazo la wanafizikia Matsui na Satz (1986), kwamba J/psi zinayeyuka ndani ya plasma, bado lina nguvu, ila lazima kwanza utoe hiyo sehemu ya kiini baridi. Na angalia, risasi kwa risasi LHC chamu zinakuwa nyingi mno hadi zinakutana na kuunda J/psi upya, ndo maana kwenye migongano ya katikati kabisa, viini vikigongana uso kwa uso, watafiti wa ALICE, jaribio moja la LHC, waliona upungufu mdogo kuliko wa dhahabu kwa dhahabu kule RHIC, mashine ya Marekani, japo nishati ya LHC ni kubwa zaidi.